Baba wa Ryoba

Nashoni alikufa akiwa ameshika koo la mtu. Hilo ndilo lililoleta balaa lote. Angefia kitandani, watu wangelia, wangemzika, wangerudi kulima. Lakini alifia katikati ya shamba la mahindi la Vedasto, mchana kweupe, mbele ya watu zaidi ya kumi, mikono yake mirefu ikiwa imezunguka shingo ya Vedasto, na ng'ombe wake walioanzisha ugomvi wakiendelea kutafuna mahindi bila habari. Aliguta mara moja, akamwachia Vedasto, akajishika mgongoni katikati ya mabega, akaanguka kifudifudi. Hakuwa na jeraha hata la mwiba.

Haya, nenda kijijini kwao Ringwani ukawaambie watu kwamba mwanamume wa miaka arobaini na minne, aliyekuwa akibeba ndama begani, amekufa kwa kitu kisichoonekana. Watakusikiliza, maana ni watu wenye adabu, kisha watakwenda kumtafuta muuaji. Kabla jua halijatua nyumba mbili za Vedasto zilikuwa zinawaka, mbwa wake alikuwa amekatwa vipande viwili mlangoni, na mama yake mzee alikuwa amevunjwa mkono kwa rungu akijaribu kuokoa godoro. Vedasto mwenyewe alipenya vichakani, akavuka mpaka karibu na Sirari kwa njia za panya, akajificha kwa shemeji zake upande wa Kenya, shingo imemvimba kama mwenye rovu.

Rose alifika wiki tatu baadaye, mashine yake ya kupimia moyo ikiwa ndani ya mkoba wa mgongoni. Alikuwa tabibu katika utafiti wa magonjwa ya moyo na ya mshipa mkuu wa damu, ule mnene unaotoka moyoni na kuteremka hadi tumboni. Mzaliwa wa Turwa, Tarime mjini, Mkurya kwa baba na mama, miaka thelathini na moja, ulimi mwepesi, na imani kubwa mno katika kichwa chake mwenyewe. Daktari bingwa wa utafiti huo, Dokta Odongo, alikaa Mwanza akisoma picha. Rose ndiye aliyekanyaga matope. Waliompasua Nashoni katika hospitali ya wilaya walikuta mshipa huo umechanika na kifua kimejaa damu. Hakuna mtu aliyemuua. Mshipa ulikuwa umetanuka kidogo kidogo kwa miaka mingi, ukawa mwembamba, na siku ile ya hasira ukaachia.

"Ugonjwa wa namna hii hutembea kwenye damu," Odongo alimwambia kwenye simu. "Baba akiwa nao, kila mtoto wake yuko mashakani. Ukimpata kabla mshipa haujachanika, anafanyiwa upasuaji, anawekewa kipande kipya, anaishi. Ukichelewa, utamkuta mochwari. Chora mti wa ukoo, Rose, umpime kila mwenye damu ya marehemu."

Rose aliuchora. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, aliyekufa anapigwa mstari wa kumkata. Aliwapima Machage, kaka mkubwa wa marehemu, na dada zake wawili, na mabinti wawili wa Nashoni, mmoja akiwa mjamzito. Wote wazima. Machage alilala juu ya kitanda cha zahanati na panga kiunoni, akakataa kulivua hata mashine ilipomgusa ubavuni.

"Unanitafutia ugonjwa," alisema, "wakati mwenye ugonjwa yuko Kenya anakula ugali. Vedasto alimlisha mdogo wangu sumu. Sisi tunajua."

"Mzee Machage, shikamoo yangu ulishaitikia, sasa nisikilize. Mshipa ulichanika."

"Nani aliuchana?"

Ukimjibu mtu kama huyo umejitafutia kazi. Rose alimpa karatasi yake, akampigia Odongo.

"Hao ndio wote?" Odongo aliuliza. "Marehemu hakuwa na mtoto wa kiume?"

"Hakuwa naye, dokta."

"Una uhakika?"

"Mimi ni mtu wa huku," alisema Rose, na alilisema kwa majivuno.

Alikuwa anafunga mkoba wake ndipo kelele zilipopanda nje. Ndugu watatu wa Vedasto walikuwa wamekuja na mkokoteni kuokota mabati yaliyobaki kwenye majivu ya zile nyumba, na vijana wa upande wa Machage waliwafuata hadi mbele ya zahanati. Mmoja wa wale ndugu alishalala chini, sikio limening'inia kwa uzi wa ngozi. Wa pili alikuwa amekaliwa kifuani na kijana mrefu mwenye miwani minene iliyofungwa kichwani kwa mpira wa baiskeli, aliyekuwa akimpiga ngumi za uso, moja, nyingine, nyingine, bila haraka, namna mtu anavyotwanga. Rose alimrukia huyo kijana mgongoni, akamvuta kwa ule mpira. Akageuka. Miwani ilikuwa na matone ya damu ya mwenzake.

"Niache, dokta. Hii si kazi yako."

"Kushona sikio ni kazi yangu. Toka hapo!"

Kijana akatoka. Akachuchumaa ukutani akihema, akaushika mkono wake wa kulia, kwenye kifundo, kwa mkono wa kushoto. Rose akatazama. Kidole gumba kilikizunguka kifundo kile, kikakifikia kidole cha mwisho, kikakipita, kikafunika ukucha wote na kubaki. Kifua chini ya fulana kilikuwa kimebonyea katikati. Mikono mirefu, vidole virefu, macho mabovu. Vidole vile Rose alikuwa ameviona asubuhi ileile kwenye faili, katika picha ya maiti ya Nashoni.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliuliza.

"Mimi Ryoba. Wa nyumba ya Agustina."

Hapo Rose akajua amekosea wapi. Ni kosa ambalo Mjaluo kama Odongo asingelifanya, wala mgeni kutoka ng'ambo. Ni kosa la mwenyeji. Odongo alisema damu, na Rose akachora kama alivyofundishwa na bibi yake, nyumba kwa nyumba. Agustina alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume. Akatoa ng'ombe wake mwenyewe, akamwoa msichana aitwaye Veronika, kwa desturi inayoitwa nyumba ntobhu: mwanamke anamwoa mwanamke ili nyumba isife. Agustina ndiye mume. Mwanamume wa kumzalisha Veronika alichaguliwa, akaja, akaondoka, na jina lake halitajwi. Kuliuliza ni kuvua nguo za watu. Watoto ni wa Agustina. Wengine katika nyumba za namna hiyo humwita mume huyo bibi, lakini Ryoba, tangu alipoanza kusema, alimwita baba, na kijiji kilishazoea. Mkurya yeyote angemweka pale pale Rose alipomweka, yaani nje ya karatasi kabisa.

Alimfuata Veronika shambani kesho yake. Mama yule alikuwa akivuna wimbi kwa kisu kidogo, hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Najua umekuja kwa ajili gani. Nilipoona wanampima hata binti wa Nashoni mwenye mimba, nilijua utafika tu."

"Basi niambie."

Veronika alikata mashuke matatu, manne. "Alikuwa kijana mwenye utani mwingi," alisema. "Alikuja kwa miezi mitano. Mtoto alipozaliwa na vidole vile nilivificha kwenye shuka, kana kwamba vidole vinafichika. Lakini mimi sijakwambia. Ukisema nimekwambia, nitakukana mbele ya padri."

Rose alimshukuru akageuka. Hakufika mbali. Agustina alikuwa amesimama kwenye njia ya shamba, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mkavu, ameshika fimbo ya mti mgumu. Rose aliinama kumsalimia, na shikamoo ikakatikia njiani, maana fimbo ilimpata juu ya jicho la kushoto. Alianguka kwenye wimbi. Fimbo ya pili ikampata kwenye kiwiko, ya tatu mgongoni.

"Nilitoa ng'ombe!" Agustina alisema, wala hakupaza sauti. "Nilimnunulia hadi daftari la shule. Nimemchinjia mbuzi siku aliyotahiriwa, nikasimama na wanaume. Leo unakuja na kalamu yako kunipokonya mtoto?"

"Bibi, atakufa!" Rose alilia, damu ikimwingia jichoni. "Atakufa kama Nashoni!"

Fimbo ikabaki juu. Agustina akachuchumaa karibu naye, akamfuta damu kwa pindo la kanga yake mwenyewe, kwa nguvu, kama anayefuta sufuria.

"Sikiliza, wewe mtoto wa mjini. Nashoni hana mtoto wa kiume. Machage anamtafuta mtu wa kubeba kisasi, kwa sababu mtoto akilipa kisasi cha baba yake, ukoo mzima unasimama nyuma yake. Ukilitaja hilo jina umempa Ryoba panga mkononi. Unataka kumpima? Mpime. Tafuta uongo wako wowote. Jina usilitaje."

Ilikuwa amri ya mtu mwenye akili, na Rose aliielewa. Lakini kuelewa ni kitu kimoja, kutii ni kingine. Alimwita Ryoba zahanati, akamwambia anawapima vijana wote warefu. Ryoba akacheka. Akamwambia anampima kwa sababu ya miwani. Ryoba akainuka aondoke.

"Mashine yako ni ya ndugu wa Nashoni, dokta. Mimi si ndugu yao. Nina kazi. Keshokutwa Vedasto analetwa kwenye ritongo kula kiapo, na sisi vijana tunanoa."

Ritongo ni baraza la wazee, na Ringwani nzima ilikuwa ikilisubiri. Rose aliona kwa macho ya akili mshipa ule ndani ya kifua kilichobonyea, umetuna, na kijana akikimbia na panga. Jicho lilikuwa limemvimba, kiwiko kilimuuma, na hasira zake hazikuwa mbali hata siku moja. Ulimi ukamponyoka.

"Keti, mjinga wewe! Nashoni ndiye aliyekuzaa! Alichokufa nacho unacho, na wewe unanoa panga!"

Ryoba aliketi. Rose akamlaza, akampaka ute wa mashine ubavuni, na moyo wa Ryoba ukatokea kwenye skrini ukipiga. Mshipa wa kijana mzima mahali unapoanzia huwa na upana wa sentimita tatu na ushee. Wa Ryoba ulikuwa karibu sita. Rose alipima mara tatu akiomba Mungu awe amekosea, na mara zote tatu ulikuwa uleule. Alimtumia Odongo picha, na Odongo akapiga kabla ya dakika tano.

"Mlete sasa hivi. Asikimbie, asibebe kitu, asipigane, asikasirike. Mpe vidonge vya kutuliza mapigo. Nitamwombea nafasi ya upasuaji Dar es Salaam."

"Tunaondoka leo," Rose alimwambia Ryoba.

Mlango ukafunguliwa. Ukuta wa chumba kile cha zahanati ulikuwa wa mbao nyembamba, na nje kwenye benchi alikuwa amekaa Machage, aliyekuja kuomba karatasi nyingine kwa sababu ya kwanza ilikuwa imelowa. Alikuwa analia, mtu mzima yule, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Alimkumbatia Ryoba kifua wazi, ute wa mashine ukalichafua koti lake mwenyewe.

"Kumbe mdogo wangu hakuzimika," alisema. "Kumbe tunaye mwanamume."

Rose angeweza kujing'ata ulimi ukakatika. Alifanya yote aliyoyajua: aliwaita mtendaji wa kata na polisi, alimbembeleza Ryoba, alimtukana, alimwonyesha picha. Ryoba alimeza vidonge kwa utiifu, lakini gari hakupanda.

"Miaka ishirini na mbili sikuwa na la kuuliza, dokta. Sasa umenipa baba, na siku hiyohiyo umeniambia ameshakufa. Nitamkimbiaje kabla neno lake halijaisha? Likiisha nitapanda."

"Utakufa, Ryoba."

"Machage anasema hata yeye aliambiwa na daktari kwamba presha itamuua. Ana miaka sitini."

Siku ya ritongo watu walijaa kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe tangu asubuhi. Wazee walikaa kwenye viti vyao vifupi. Polisi wawili walisimama na bunduki karibu na gari, na mtu aliyewatazama aliona kabisa kwamba wangependa kuwa kwingine. Vedasto aliletwa kifua wazi, bila viatu, alama za vidole vya Nashoni bado zikionekana shingoni kama kamba ya njano. Mtendaji akamwita Rose aseme kilichosemwa na hospitali.

Rose alisema. Alisema Kikurya, kisha Kiswahili, polepole, jicho lake likiwa bado limefumba nusu. Mshipa ulikuwa mbovu tangu tumboni mwa mama. Vedasto hakufanya chochote isipokuwa kukabwa. Baadhi ya wazee walitikisa vichwa kukubali. Mzee mmoja aliuliza kama dawa ya kienyeji inaweza kulegeza mshipa, naye Rose akajibu hapana. Kwa muda mfupi mambo yalikuwa yanaelekea kutengenea, na Rose akathubutu kuvuta pumzi.

Ndipo Machage aliposimama. Hakutoa hotuba. Alimpeleka Ryoba katikati ya uwanja akiwa amemshika mkono kama bwana harusi, akachomoa panga lake, akaliweka kwenye ile mikono mirefu.

"Wazee, huyu hapa ni mtoto wa Nashoni. Tabibu huyu mwenyewe amethibitisha kwa mashine. Si anasema mashine yake haikosei? Basi na hili haikukosea. Baba wa huyu mtoto hajalala. Vedasto asimame tu hivyo alivyo."

Vijana mia moja wakanguruma. Vedasto alipiga magoti, akajikojolea. Ryoba akasogea hatua moja, mbili, na Rose, aliyekuwa na picha ya moyo ule mfukoni, aliona mshipa wa shingo wa Ryoba ukipiga mbio. Alipiga kelele, "Kaa chini! Ryoba, kaa chini!" Sauti yake ikamezwa na nyingine zote.

Agustina aliingia uwanjani akiegemea fimbo yake. Wanawake hawaingii pale, lakini yeye aliwahi kusimama pale kama mume na hakuna aliyemzuia. Alipita mbele ya wazee, akasimama kati ya Ryoba na Vedasto, akampa Ryoba mgongo kana kwamba panga lile ni ufagio.

"Nani alitoa ng'ombe za Veronika?" aliwauliza wazee.

Aliwanyoshea kidole, mmoja mmoja.

"Nimeuliza. Machage alitoa? Nashoni alitoa?"

"Ulitoa wewe," alisema mzee wa kiti cha kwanza.

"Siku huyu aliyotahiriwa, nani alisimama kama baba?"

"Wewe."

"Basi Nashoni alilima shamba la mtu, akaenda zake. Mashine ijue damu, hiyo ni kazi yake, na nimemruhusu tabibu amtibu. Lakini kisasi hakibebwi na damu, kinabebwa na nyumba. Nyumba yangu haikuuliwa mtu. Baba yake ni mimi, na mimi ndiyo huyu, niko hai."

Wazee walinong'onezana, si kwa muda mrefu. Mzee wa kiti cha kwanza alipiga fimbo chini. "Kitanda hakizai haramu," alisema. "Ryoba ni wa Agustina. Neno la Nashoni halimhusu. Panga lirudi kwa mwenyewe."

Ryoba alishusha panga. Rose aliona mabega yake yakilegea, akaanza kukimbia kwenda kumchukua, na alikuwa amebakiza hatua kama kumi. Aibu ni kitu kibaya kwa mtu kama Machage. Alilinyakua lile panga kwenye mkono wa Ryoba akamwendea Vedasto yeye mwenyewe, akiita kwa sauti jina la mdogo wake. Agustina hakuondoka. Aliinua fimbo. Panga lilikata fimbo, likaendelea, likaingia kati ya shingo na bega, likakwama kwenye mfupa.

Baada ya hapo uwanja ulipasuka. Mawe yalianza kuruka, kisha mishale. Kijana aliyekuwa karibu na Rose alichomwa shavuni, mshale ukatokea upande wa pili, naye akawa anajaribu kusema na hawezi. Polisi walipiga risasi hewani. Machage alikuwa akivuta panga ili lichomoke, mguu wake umekanyaga kifua cha Agustina, na Ryoba akamfikia. Alimpiga kichwa, akamwangusha, akaokota jiwe la ukubwa wa kinu kidogo, akaliinua kwa mikono miwili juu ya uso wa Machage. Rose alijitundika kwenye mkono wake. Ryoba alimkung'uta kwa kiwiko, na Rose akatema jino.

"Kaa chini!" alilia tena. "Mshipa, Ryoba! Utakufa!"

Ryoba hakumsikia. Jiwe lilikuwa juu, na uso wake ulianza kukunjamana kwa kitu ambacho huenda kilikuwa hasira na huenda kilikuwa maumivu.

"Ryoba."

Ilitoka chini, nyembamba. Agustina alikuwa chali, Veronika ameshamfikia na kuukandamiza mkato kwa kanga iliyokuwa imeshabadilika rangi.

"Mura, kijana wangu, mimi ni nani yako?"

Jiwe likasita. "Baba."

"Basi kaa chini."

Rose ameona mengi tangu hapo, amewaona watu wakifanya mambo ya ushujaa, lakini hajaona jambo gumu kama lile. Kijana yule mrefu alitupa jiwe pembeni, akaketi mavumbini, miguu ameikunja, mikono juu ya magoti. Machage alijiburura akakimbia, Ryoba akamtazama anavyokimbia, akabaki ameketi. Mawe yalipita juu yake. Moja lilivunja kioo cha miwani yake, na hakuinua hata mkono. Alihema polepole kama alivyoelekezwa zahanati, machozi yakimchuruzika, akimtazama baba yake akimalizika hatua mbili kutoka alipo.

Rose alikuwa amepiga magoti, ngumi yake yote iko ndani ya jeraha akiutafuta mshipa. Aliupata. Ulikuwa unateleza. Damu ilipita kati ya vidole vyake ikiwa ya moto. Nashoni alikufa kwa mshipa asiouona mtu, na huyu alikuwa anakufa kwa mshipa anaoushika, na kote kuwili Rose alikuwa mjuzi asiye na faida. Alijua vilevile, na hakuna aliyehitaji kumwambia, ni ulimi wa nani uliolileta panga lile uwanjani.

"Ameketi?" Agustina aliuliza.

"Ameketi, bibi."

"Mchukue."

Machage alikamatwa jioni ileile akiwa ndani ya zizi lake, amejifunika samadi. Wakati huo Ryoba alikuwa njiani kwenda Mwanza, amelala kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya Veronika. Hakuhudhuria mazishi ya Agustina. Odongo alimkataza, na mama yake akamkataza pia, akimwambia kwamba aliyemwamuru aketi hakusema mpaka lini. Siku ya nne alipasuliwa Dar es Salaam. Wapasuaji walisema ukuta wa mshipa ulikuwa umeanza kuachana kwa ndani, urefu wa ukucha. Hatua mbili tatu za kumkimbiza mtu zingetosha.

Wiki sita baadaye Rose alimtembelea kwa ajili ya fomu za utafiti. Ryoba alikuwa amekonda, mshono umemteremka kifuani, na ukiweka sikio karibu ulisikia vali mpya, kilango cha bandia walichomwekea moyoni, ikigonga kama saa ya mezani. Walisalimiana. Rose alikuwa na jino la bandia na kovu juu ya jicho, na hakuwa amelala vizuri tangu siku ile. Alikuwa amejiandaa kuomba msamaha, akaanza, Ryoba akamnyamazisha kwa mkono.

"Uliza maswali yako, dokta."

"Baba yako yupo hai?"

"Amefariki."

"Alifariki kwa nini? Hapa kuna moyo, mshipa, presha, mengineyo."

"Andika panga."

Rose akaandika. "Jina la baba?"

"Agustina."

Rose alifungua ule mti wa ukoo wa mwanzo, akauweka mezani. Kwa penseli alivuta mstari wa nukta kutoka kwa Nashoni hadi kwenye mraba mdogo aliouongeza chini, maana damu ni damu na watoto wa Ryoba watakuja kupimwa siku moja. Kisha pale juu, mahali pa baba, mahali ambapo utaratibu unataka mraba, alichora duara kwa kalamu ya wino, akalikandamiza, akalipiga mstari wa kifo. Ryoba aliivuta karatasi upande wake kwa kile kidole kirefu. Alitazama mstari juu ya Nashoni, akatazama mstari juu ya Agustina, kisha akashuka hadi kwenye mraba mdogo wa chini uliokuwa peke yake.

"Na huyu?"

"Huyo ni wewe," alisema Rose. "Wewe hujapigwa mstari."